Maadui wa Picha na Kazi ya Fundi wa Fremu

 Leo twapenda tuingie pamoja katika duka ambalo watu wengi hupita mbele yake mjini wasiingie, yaani duka la rangi za wachoraji na fremu za picha. Sababu yetu ni hii: karibu kila nyumba ina picha moja ambayo ikipotea haipatikani tena. Pengine ni picha ya babu aliyekwisha kufa, au ya arusi ya wazazi, au ya mama akiwa msichana wa shule. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwa heshima, nayo inaharibika hapo hapo ilipotundikwa, polepole, wala hakuna anayeona, mpaka siku moja mtu aitazama akuta uso umekwisha kufifia.

Ukiingia dukani utaona kwanza vipande vya mbao vilivyounganishwa viwili viwili mfano wa pembe, vimetundikwa ukutani kwa safu. Hivyo ni vielelezo. Mnunuzi hukitwaa kimoja, akakiweka juu ya ncha ya picha yake, akaona kama vyapatana. Nyuma zimesimamishwa mbao ndefu za fremu, nyingine za rangi ya dhahabu, nyingine nyeusi, nyingine zimeachwa zionyeshe mishipa ya mti. Katikati pana meza pana iliyotandikwa zulia kuukuu, kwa kuwa kioo hakilazwi juu ya mbao tupu. Upande wa pili ziko rangi, brashi, karatasi nene na vitambaa vilivyowambwa tayari kwa kuchorwa. Harufu ni ya vanishi na vumbi la mbao.

Watu wengi hudhani ya kuwa fremu ni pambo, nao huichagua kama wachaguavyo kitambaa cha mto. Fundi mwenye kuijua kazi yake huifikiria kama kasha. Mbele pana kioo. Nyuma ya kioo pana kadibodi iliyokatwa tundu katikati kama dirisha. Kisha picha yenyewe. Kisha kadibodi ya kuiegemeza. Kisha ubao wa mgongo. Na mbao nne za pembeni zavishika vyote pamoja. Kila kimoja kimewekwa kwa ajili ya kumzuia adui fulani, na maadui wa picha ni wanne: mwanga, tindikali, unyevu na wadudu.

Fundi mwema hukuuliza kwanza, “Picha hii utaitundika wapi?” kabla hajakuuliza habari ya rangi ya mbao. Aulizavyo hivyo, anamfikiria adui wa kwanza. Kila mwanamke ajua ya kwamba kanga ikianikwa juani kila siku hupauka. Basi picha nayo hupauka vivyo hivyo. Mwaka 1888 wataalamu wawili wa Uingereza, Walter Russell na William Abney, walitoa taarifa ya majaribio yao juu ya rangi za maji. Walipaka rangi juu ya karatasi, wakazitia katika mirija ya vioo, wakaifunika nusu ya kila karatasi na kuiacha nusu nyingine ipate mwanga. Rangi nyingi zilipauka. Penye hewa yenye unyevu ziliharibika zaidi, na katika mirija iliyotolewa hewa yote nyingi hazikubadilika. Tokea hapo watunzaji wa picha wakawa na ushahidi wa kuonyesha ya kuwa mwanga, ukisaidiwa na hewa na unyevu, huila rangi.

Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la adhuhuri katika nchi zetu laweza kufika luksi 100,000. Majumba ya makumbusho huziweka picha za rangi ya maji katika mwanga wa luksi 50 hivi. Wanafunzi na wagawanye wenyewe: ni mara 2,000. Maana yake, picha ikipigwa na jua kali kama hilo kwa saa moja, imekwisha kupokea kwa saa hiyo moja mwanga ambao ile ya makumbusho huupokea kwa saa 2,000. Kioo cha kawaida hakisaidii sana. Kipo kioo maalumu kinachozuia ile mionzi mikali isiyoonekana kwa macho, lakini hata hicho hakizuii mwanga wote, kwani kingeuzuia tusingeiona picha. Dawa haina gharama: itundike picha katika ukuta ambao jua haliufikii.

Hapa yafaa tutaje duka moja la Paris, ijapokuwa ni mbali. Mwenyewe alikuwa Julien Tanguy, muuza rangi katika mtaa wa Clauzel, na wachoraji walimwita Baba Tanguy. Wengi wao walikuwa maskini, naye alikubali kupokea picha zao badala ya fedha. Kwa hiyo duka lake dogo likawa mahali pa kuzionea picha za Paul Cézanne wakati ambapo ilikuwa vigumu kuziona mahali pengine. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, aliyekuwa mmoja wa wateja wake, alimchora Baba Tanguy mara tatu katika miaka ya 1886 na 1887. Muuza rangi huyo alikufa mwaka 1894 bila ya kupata utajiri, na picha alizozipokea kwa deni leo hutunzwa kama lulu.

Walakini tumemtaja kwa sababu ya huyo mteja wake. Mwaka 1888 Van Gogh, alipokuwa Arles kusini mwa Ufaransa, alichora chumba chake cha kulala, akamwandikia ndugu yake ya kwamba kuta ni za zambarau hafifu. Anayekwenda leo katika makumbusho ya Amsterdam aona kuta za samawati. Mchoraji hakusema uongo. Zambarau ni nyekundu na samawati zilizochanganywa, na nyekundu aliyoitumia ilikuwa ya namna isiyostahimili mwanga. Ikatoweka, ikabaki samawati peke yake. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa rangi za wachoraji siku hizi hutia alama juu ya kila tyubu kuonyesha kama rangi iliyomo yastahimili mwanga au la. Mwanafunzi anunuaye rangi na aitafute alama hiyo, asiangalie uzuri wa rangi tu.

Adui wa pili ni tindikali, naye twamwogopa kuliko wote, kwa sababu mara nyingi hutiwa ndani ya fremu na mkono wa fundi mwenyewe. Zamani karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na karatasi za namna hiyo zimedumu mamia ya miaka. Tangu katikati ya karne ya 19 viwanda vilianza kutumia miti iliyosagwa. Ndani ya mti kimo kitu kiitwacho lignini, ambacho hugeuka rangi kikipata mwanga na hewa. Tena viwanda vilitia shabu ili wino usitawanyike katika karatasi, na shabu hiyo hufanya tindikali. Mwaka 1959 Mmarekani William Barrow alieleza matokeo ya kupima vitabu 500 vilivyochapwa kati ya mwaka 1900 na 1949. Vingi vilikuwa vimedhoofika hata kurasa zake hazikuweza kustahimili kutumiwa sana, na tindikali ilikuwa sababu kubwa. Baadaye viwanda vingi viligeuza njia, na karatasi njema ya kuandikia yapatikana sasa. Lakini gazeti na kadibodi ya makasha bado ni za ukoo ule ule wa zamani.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili bila chombo chochote. Chukueni ukurasa wa gazeti la leo, mweke jiwe bapa juu ya nusu yake, mkauache juani siku nne au tano. Kisha ondoeni jiwe. Hakuna mtoto atakayehitaji kuelezwa zaidi.

Sasa, katika fremu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu, ni kitu gani kilicho mgongoni mwa picha? Ni kadibodi ya kahawia iliyokatwa katika kasha la bidhaa, au ubao wa kukandamizwa, nao umeigusa picha barabara. Tindikali huhama kutoka kitu kibaya kwenda kitu chema kama maji yapitavyo katika kitambaa. Baada ya miaka kadhaa karatasi ya picha huwa ya kahawia, na penye tundu au ufa wa ubao huonekana mstari kama alama ya moto. Wengine hulaumu moshi wa jikoni. Mwambie fundi akuwekee kadibodi ya pamba, au ile isiyo na tindikali, mbele na nyuma ya picha. Ikiwa hana, basi kati ya picha na ubao na atie karatasi ya foili, ile itumikayo jikoni, na juu yake karatasi njema nyeupe, ndiyo iiguse picha. Bei yake ni ndogo kuliko ya kioo.

Gundi nayo ina neno lake. Tumeona vyeti vya shule vilivyobandikwa vizima juu ya ubao kwa gundi ya seremala, na picha zilizoshikwa kwa utepe wa plastiki unaonata. Utepe huo hugeuka manjano, ukadondoka, ukaacha doa lisilotoka. Fundi mstahivu hutumia uji mzito wa wanga wa ngano na vipande viwili vya karatasi nyembamba na imara, akaining'iniza picha kwa ukingo wake wa juu tu. Pande tatu huachwa huru. Karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kunywea hewa ikikauka. Ukiifunga pande zote nne haina pa kwenda, hujikunja mawimbi. Wanga huo, tena, ukilowanishwa kidogo huachia, na picha hutoka salama kama ilivyoingia.

Twafika kwa unyevu, na hapa wenye picha za kupigwa na wasikilize sana, hasa wakaao pwani na kando ya maziwa. Uso wa picha ya kamera ya filamu si karatasi tupu. Umepakwa utando mwembamba wa jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini ikiwa kavu ni ngumu. Ikipata unyevu huvimba na kunata. Basi mtu aitwaye picha ya arusi akaibana barabara nyuma ya kioo, masika yakaja, hewa ya nyumba ikajaa maji, matone madogo yakakaa upande wa ndani wa kioo, na jelatini ikalainika. Kiangazi kikija yote hukauka, na picha na kioo vimekuwa kitu kimoja. Utaona mabaka yanayong'aa kama mafuta juu ya uso wa bibi arusi. Mtu akivuta karatasi, uso hubaki kiooni.

Hii ndiyo kazi kubwa ya ile kadibodi yenye tundu. Wengi huikataa wakisema yapunguza ukubwa wa picha, au ni ujanja wa fundi wa kuongeza bei. La, hiyo ndiyo inayokitenga kioo na picha kwa unene wa milimita mbili hivi, na nafasi hiyo ndogo ndiyo uhai wa picha. Asiyependa kuiona, na amwombe fundi aweke vijiti vyembamba chini ya ukingo wa fremu, visipoonekana, kati ya kioo na picha. Pasiwe na picha yoyote iguse kioo.

Wala si kila picha hutaka kioo. Kanuni ni nyepesi: kilicho juu ya karatasi hutaka kioo, kilichochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa au ubao chaweza kukaa bila kioo, kwa kuwa rangi hiyo ikikauka hufanya ngozi yake yenyewe. Wakazi wa Dar es Salaam wana mfano wao. Mwaka 1968 hivi Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa kukandamizwa vya kujengea. Vitu hivyo viliuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, bei yake ikawa chini ya ile ya rangi zitokazo Ulaya. Alikufa mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliiendeleza kazi, nayo inaendelea hata sasa, ingawa wengi wao huchora juu ya kitambaa cha pamba kilichowambwa. Picha ya namna hiyo yataka mbao nne tu za kuizunguka, na kitambaa kikavu cha kuifutia vumbi.

Juu ya wadudu hatutasema mengi. Yupo mdudu mdogo wa rangi ya fedha, mwenye umbo kama samaki, apendaye wanga na karatasi. Mende hupenda vivyo hivyo. Na mchwa hupanda ukutani kwa nyuma, kimya. Kwa sababu hiyo mgongo wa fremu hufunikwa karatasi imara iliyogundishwa pande zote pasibaki ufa. Ukiinunua fremu ambayo mgongo wake umeshikwa na vijisumari vinne tu, umenunua nyumba isiyo na mlango. Mbao laini za msonobari hubunguliwa upesi. Mvule, mninga na msaji hustahimili zaidi.

Wavulana na wasichana wanaojifunza useremala wapenda kujua jinsi fundi apimavyo. Tuseme picha ina sentimita 30 kwa 40, na kadibodi yaonekana sentimita 5 kila upande. Basi ndani ya fremu patakuwa 40 kwa 50. Mzunguko wake ni mara mbili ya 90, yaani sentimita 180. Lakini mafundi wanaoanza hununua mbao za sentimita 180, wakakuta hazitoshi! Kila ubao hukatwa ncha zote mbili kwa pembe ya nyuzi 45, na ukingo wake wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Kanuni ni kuongeza upana wa ubao mara nane. Ubao ukiwa na upana wa sentimita 3, utaongeza 24, jumla 204, na kidogo tena kwa ajili ya kile kinacholiwa na msumeno. Pembe ikikosea nyuzi moja tu katika kila mkato, makosa ya mikato minane hukusanyika katika kona ya mwisho, nayo huachama kama kinywa.

Fremu ikitundikwa isilale juu ya ukuta uliolowa. Gundisha vipande viwili vya kizibo katika kona za chini, upande wa nyuma, ili hewa ipite. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua haufai. Wa ndani ni bora.

Twaongeza neno juu ya vyeti, kwa sababu sisi walimu twaulizwa mara nyingi. Wako watu wanaovipeleka vyeti vyao vikapakwe plastiki ya moto pande mbili. Vyang'aa, vyaonekana vimepona. Lakini plastiki ile imeyeyuka ikaingia ndani ya karatasi, wala haitoki tena bila kukiharibu cheti. Afadhali cheti chenyewe kikae ndani ya bahasha ya karatasi njema, katika sanduku kavu, na nakala yake ndiyo itiwe fremu, ionwe na wageni.

Na ikiwa picha ya babu imekwisha kushikana na kioo, usimruhusu mtu yeyote aivute, wala usiitie majini kwa shauri la jirani. Kwanza mwite mpiga picha, au tumia simu yenye kamera njema, uipige kupitia kioo hicho hicho, mahali pa kivuli pasipo na mmweko, kamera ikiielekea sawasawa. Ukiisha kupata nakala iliyo wazi, hiyo ndiyo ya kutundika. Picha ya asili iache na kioo chake, uifunge kwa karatasi safi, uiweke ikiwa imelala mahali pakavu, mpaka apatikane fundi aliyejifunza kazi ya kuitenga.